Majivu ya Upande wa Gesi

"Vikate viwe sawa na trei ya chai," alisema Bi Zilpah, akichora mraba hewani kwa mkongojo wake. "Visizidi hapo. Wengine wanaishi kwenye vyumba vidogo, Felix."

Félicien alikuwa amepiga magoti mbele ya lango la upande wa Gesi, anapima kwa kamba vipande vya majani vya kung'olewa na udongo wake. Alikuwa ametunza nyasi za uwanja wa Saltmoor kwa miaka tisa, na kwa miaka yote tisa mwanamke huyu alimwita Felix. Mwanzoni alimsahihisha. Baadaye akaona ni sawa na kuisahihisha mvua.

"Vipande vingapi, madame?"

"Kimoja kwa kila familia yenye mtu wake hapa. Na kimoja changu, cha Eli. Hicho ukikate katikati kabisa, pale golikipa anaposimama. Si ndipo ulipommwaga?"

Félicien aliutazama uma wake wa bustani, meno yake manne yaliyozama ardhini. "Ndiyo, madame," alisema.

Bi Zilpah alitabasamu, akageuka, akaanza safari yake ndefu ya kurudi kwenye viti. Alikuwa na umri wa miaka themanini na moja na mguu mmoja uliomgomea. Siku mbili baadaye, Jumamosi, Saltmoor ingechezewa mechi yake ya mwisho, na Jumatatu asubuhi mashine zingeingia kubomoa.

Uwanja wenyewe haukuwa kitu cha kumfanya mgeni asimame. Ulikuwa Nechells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, umebanwa na maghala upande mmoja na nyumba za halmashauri upande mwingine. Wafanyakazi wa kiwanda cha gesi waliujenga kwa mikono yao baada ya vita vya kwanza vya dunia, siku za Jumapili, bila malipo, wakisawazisha ardhi kwa majivu ya makaa yaliyotoka kwenye tanuri zao. Paa la jukwaa walilinunua kutoka stesheni ya reli iliyokuwa inavunjwa. Timu yao haikuwahi kupanda ikafika mahali ambapo gazeti lingeandika jina lake kwa herufi kubwa. Lakini watu walikuja, baba na mtoto, kisha mtoto na mtoto wake, mpaka kiwanda kikafungwa, mitaa ikavunjwa, na waliobaki wakawa hawatimii mia moja, wazee wengi, kila mmoja na chupa yake ya chai. Sasa warithi wa mwenye ardhi walikuwa wameuza. Ghala lingine lingejengwa. Jasho la bure la mafundi wa gesi lilikuwa limepata bei, na waliolipwa hawakuwahi kushika sepeto.

Wapenzi wa Saltmoor walikuwa na desturi moja. Mmoja wao akifa, mwili ukachomwa kama wengi wa huko wanavyofanya, majivu yake yalimwagwa mbele ya lango la upande wa Gesi, ambako timu ilishambulia kipindi cha pili. Familia ilimkabidhi mtunza uwanja chupa ya plastiki yenye majivu siku ya Ijumaa, na Jumamosi ikaja kwenye mechi kama kawaida, ikasimama nyuma ya lango. Hawakupenda kutazama. Walipenda kujua tu kwamba yupo pale.

Eli, mume wa Bi Zilpah, ndiye aliyekuwa mtunza uwanja kabla ya Félicien. Ndiye aliyemfundisha kazi, kwa ishara zaidi kuliko maneno, maana Kiingereza cha Félicien wakati ule kilikuwa bado kinachechemea. Alipofariki, miaka minne iliyopita, chupa yake ilifika mikononi mwa mwanafunzi wake.

Asubuhi ile Félicien alisimama mbele ya lango akiwa ameishika chupa, akashindwa. Kwao Uvira, Congo, mtu hachomwi. Watu waliochomwa, aliowaona yeye, walichomwa na maadui, ndani ya nyumba zao. Na sasa amchukue mwalimu wake, amtawanye chini kama mbolea, viatu vya meno vimkanyage, na yeye mwenyewe ampitie juu na mashine ya kukata majani kila Alhamisi? Alikwenda nyuma ya jukwaa, palipokuwa na gurudumu kuukuu la chuma la kusawazishia uwanja, lililokwisha kuliwa na kutu. Akachimba. Akayamimina majivu katika kitambaa cheupe, kwa sababu plastiki haikumfaa mtu mzima aliyeheshimika, akafunga fundo, akamlaza, akamfunika, akaomba kwa Kiswahili, akaweka jiwe alilolipaka ile rangi nyeupe ya mistari. Alimpa Eli heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Tangu hapo alizika watu wengine wanne pale nyuma. Watu walidhani mawe yale meupe ni kitalu chake cha maua.

*

Valérie, mkewe, alikuwa anasonga bugali Félicien alipoingia nyumbani kwao Lozells. Hakugeuka. Alisikia viatu vikivuliwa polepole mno, akajua.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Mama Merveille, Jumatatu mashine inaingia. Wanaanzia kule kule nyuma ya tribune, ku mawe. Pale njo mlango ya malori."

"Na Jumatatu njo siku Mama Zilpah anapiga simu ku shule." Aliupiga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Umesahau shule?"

Hakuwa amesahau. Shule moja ya sekondari kule Erdington ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza viwanja. Walimhoji, wakaipenda kazi ya mikono yake, lakini walitaka mtu wa hapa, mtu wanayemwelewa, aseme neno juu yake. Bi Zilpah alikuwa amejitolea. Nitawaambia, alisema, kwamba hakuna mtu mwaminifu kuliko Felix katika jiji zima.

"Mimi nafagia maofisi," Valérie aliendelea, "saa kumi na moja asubui mpaka tatu. Wewe kutoka Jumatatu huna kazi. Kodi ya nyumba iko inaongea lugha moja tu, papa. Haijue Saltmoor, haijue Eli."

"Nitaangalia vipi ile mama? Nimukatie majani, niseme bwana yako huyu hapa?"

"Mutu amekwisha kufa. Haone kama iko mu majani ao mu shimo. Sisi njo tunaona." Akashusha sauti. "Na mimi pia niko ndani. Nani alikata ile kitambaa? Mashuka yangu ya harusi, Félicien."

"Mtu gani yuko kwenye shimo?"

Merveille alikuwa mlangoni, vipokea sauti vya masikioni vikining'inia shingoni. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alielewa kila neno la Kiswahili cha wazazi wake na kujibu kila neno kwa Kiingereza. Félicien alimweleza, kwa kifupi. Msichana akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Yale mawe meupe? Baba, mimi nilikuwa nayakalia nikila chipsi!"

"Nilikukataza," Félicien alisema.

"Ulisema nitapata homa ya baridi! Hukusema nimemkalia mtu!" Alivuta kiti. "Waambieni. Ni watu wao. Ni haki yao kujua."

"Haki!" Valérie aliweka sahani mezani. "Mutoto wa Lozells anajua haki. Umeme ukikatika atakula haki. Nawa mikono."

Walikula bugali na sombe, kisamvu cha kwao. Mwishoni Félicien alisema, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba Eli alikuwa amelala vizuri, amelala chini, kama wazee wote wa dunia walivyolala, na kwamba hata ghala likijengwa juu yake halitamwamsha. Valérie aliitika kwa kichwa. Likaisha hivyo. Au walidhani limeisha.

*

Saltmoor walifungwa mabao matatu, na kila bao lilipigiwa makofi kana kwamba ni lao. Mechi ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Vipande vya majani, vimepangwa safi juu ya turubai, vilikuwa vinasubiri kando ya lango. Bi Zilpah alikalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya eneo la goli, akapewa kipaza sauti.

Alianza na mambo waliyoyajua wote. Mafundi wa gesi. Paa la stesheni. Mchezaji aliyefunga kwa kichwa akiwa amevunjika taya. Wajamaika wa kwanza waliokuja kusimama upande wa Gesi, na siku mwenyekiti mmoja alipotaka wakae peke yao, na jinsi wale wa upande wa Gesi walivyombeba mwenyekiti huyo mpaka barabarani na kofia yake. Watu walicheka. Félicien alisimama nyuma ya kiti, sepeto mkononi, tayari kugawa. Kutoka kwenye dirisha la kibanda cha chai, ambako kila Jumamosi aliuza chai na mandazi, Valérie alimwangalia.

"Na mnaijua hadithi ya mtoto wa jukwaa," Bi Zilpah alisema.

Waliijua. Mwaka wa arobaini, Wajerumani walipokuwa wanapiga Birmingham usiku kwa usiku, mahandaki ya mtaa yalijaa, na familia zilijificha chini ya jukwaa. Bomu lilianguka barabarani, jukwaa likalala. Walitolewa wote kabla hakujapambazuka, ila mtoto mmoja wa miaka saba. Yeye alipatikana mchana wa pili. Alikuwa amelala kifudifudi, udongo mdomoni, akisikia mabuti ya waokoaji yakipita juu yake, akiita, na hakuna aliyesikia.

"Mmeniuliza miaka mingi ni nani. Mume wangu alinikataza. Alisema hataki watu wamtazame kwa huruma anapochora mistari. Sasa yeye hayupo, na kesho kutwa mahali hapa hapatakuwapo, basi nitavunja ahadi." Alikihamishia kipaza sauti mkono wa pili. "Ni Eli. Nimelala na yule mwanamume miaka hamsini na minne na mlango wa chumba uko wazi. Baridi, upepo, watoto wanapita, mlango wazi. Akifunga macho anausikia udongo. Alipougua aliniambia, Zil, mnifanyie lolote, msiniweke shimoni. Hata kwenye chupa yenye kifuniko nisikae sana. Niweke juu ya majani, nipate hewa." Aligeuka kwenye kiti, akaushika mkono wa Félicien. "Na huyu hapa ndiye aliyempa. Felix ndiye aliyempa hewa."

Watu walipiga makofi. Walipiga kwa nguvu, wazee wale, mikono yenye glavu, wengine wakilia. Mtu alimpiga Félicien begani. Yeye alisimama na sepeto lake kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenzake mbele ya mwenye nguo.

Aligawa vipande. Kila familia ilipokea kwa mikono miwili, ikanusa, ikashukuru. Bi Zilpah alikuja na beseni la kuoshea vyombo. Alikiweka humo kipande cha Eli na kukifunika kwa skafu ya timu, kisha akaifunua skafu haraka, akacheka. "Hewa," alisema. "Nimesahau."

Kipande cha mwisho kilipotoka, Félicien aliuchukua uma wake, akaenda nyuma ya jukwaa karibu kwa kukimbia. Wanaume kumi na zaidi walikuwa wamesimama pale na bia zao, wamejikinga na upepo. Mmoja, ambaye mama yake alikuwa chini ya jiwe la tatu, alikuwa ameweka mguu juu ya jiwe la Eli na kusimulia kitu. Walimwona, wakamshangilia, wakamnyooshea kopo. Uma ulikuwa mkononi. Kuuchomeka ardhini wakati ule kungekuwa kuwaambia wote, papo hapo, siku ile, mikononi wakiwa na majani yao. Alitazama nyuma. Valérie alikuwa ametoka kibandani na birika tupu, na alitikisa kichwa mara moja tu.

Félicien alilipokea kopo la bia. Maisha yake yote yaliyobaki angeukumbuka ubaridi wa kopo lile.

Saa kumi na moja mtu mwenye fulana ya njano alikuja kuchukua funguo. Alikuwa kijana mpole, jambo lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Alimwomba Félicien, kwa adabu, afungue mkoba. Ndani mlikuwa na glavu, kopo la chakula na redio ndogo.

"Na huo uma?"

"Ni wangu. Nilipewa na Eli."

"Eli ni nani?"

Félicien alimwonyesha mpini uliofungwa utepe wa bluu.

"Vifaa vimeuzwa pamoja na uwanja, bwana. Si mimi niliyeamua." Kijana aliupokea uma, akauegemeza ukutani, akafunga geti.

*

Jumapili asubuhi Valérie alikuwa amekaa kitandani amevaa gauni la kwaya, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mumewe alipopita koridoni na ndoo.

"Unaenda wapi na ndoo, siku ya Mungu?"

"Kumutoa."

"Félicien."

"Alilia mu udongo akiwa mutoto, wakamutoa. Halafu mimi, rafiki yake, nikamurudisha." Aliweka ndoo chini. "Ni mimi nilimurudisha, Valé. Na nikaweka jiwe juu."

Valérie alikitazama kiatu. Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka. "Ile simu," alisema.

"Minajua."

"Hatapiga."

"Minajua."

Alikivaa kile kiatu. Kisha akaita kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Merveille! Vaa viatu, uende na baba yako. Asibebe peke yake." Na kwa mumewe: "Nitakuombea ku kanisa. Lakini niko na hasira, ujue."

Getini kulikuwa na kibanda kipya cha mlinzi, na ndani yake kijana wa Kisomali mwenye koti kubwa kuliko yeye, ameshika kikombe cha chai. Kitambulisho chake kiliandikwa Adow. Alisema kwa Kiingereza kwamba hapa haingii mtu. Félicien alimgeukia binti yake, akanong'ona kwamba wangezunguka nyuma.

"Ati mzunguke nyuma?" Adow aliweka kikombe. "Mzee, nimewasikia! Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

"Cha Uvira. Congo."

"Aa. Kiswahili kimevaa tai." Alicheka. "Mimi ni wa Eastleigh, Nairobi. Saa hii niko Small Heath. Sasa sikiza mzee wangu, nimeandikwa jana. Hata jaketi ni ya mwenye alikuwa hapa mbele yangu. Nikikufungulia, nafutwa kabla ya chai kupoa."

Félicien alimweleza kila kitu, akiwa amesimama nje ya wavu, mikono imeshika nyaya. Adow alisikiliza na uso ukibadilika.

"Ngoja. Majivu ya mtu? Walimchoma?"

"Alikuwa amekwisha kufa."

"Subhanallah. Alafu wewe ukamzika."

"Njo. Ndiyo."

"Basi si ulifanya poa? Wewe pekee hapa ndani ndiye ulikuwa na akili! Mbona sasa unataka kumfukua? Maiti akizikwa amezikwa. Mimi siwezi kusaidia mtu kufukua kaburi, mzee. Hiyo ni kitu kubwa."

"Aliogopa shimo," Félicien alisema. "Alikuwa mutoto, bomu ilimufunika. Aliomba asiwekwe mu shimo. Mimi sikujua. Kesho mashine inaingia, halafu wanamwaga zege juu yake."

Adow alitazama pembeni, kuelekea jukwaa. Alikuna shavu. Merveille alimwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake hajalala.

"Hiyo naona," Adow alisema. Alitoa funguo mfukoni polepole, kana kwamba ni nzito. "Kamera hii inaangalia geti. Za huko nyuma hawajaweka. Mimi naenda kuswali, nusu saa. Nikirudi sijui nyinyi. Mliruka ukuta." Alipokwisha kufungua alikumbuka kitu. "Na utachimba na nini, na hiyo ndoo? Kuna uma fulani kwa ofisi, mpini umefungwa utepe wa bluu."

"Ni wangu," Félicien alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yakajaa machozi.

Nyuma ya jukwaa makopo ya bia yalikuwa yamelala kati ya mawe meupe. Merveille aliyaokota moja moja bila kuambiwa. Félicien aliliondoa jiwe la kwanza, akachimba kwa uangalifu, kisha akauweka uma kando, akaendelea kwa mikono. Alikuwa anatafuta fundo. Alikumbuka jinsi alivyolifunga.

Hapakuwa na fundo. Hapakuwa na kitambaa, ila nyuzi chache zilizokatika alipozigusa. Palikuwa na udongo mwekundu wa mfinyanzi, umelowa, mzito, na ndani yake mishipa ya rangi ya kijivu iliyopauka, ikipita huku na huku kama mafuta katika nyama. Alikuwa ameifanya kazi vizuri mno. Angemwacha katika plastiki, leo angemwinua mzima. Alimpa ardhi, na ardhi ikampokea.

"Baba," Merveille alisema. "Yupi ni yeye?"

"Yote," Félicien alisema. "Chukua yote."

Walijaza ndoo kwa viganja, wote wawili wamepiga magoti. Merveille alichota na kuweka, akachota na kuweka, na mara moja, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, alisema, "Pole, mzee Eli." Ndoo ilipojaa aliyatazama mawe manne yaliyobaki.

"Na hawa?"

Félicien alijifuta mikono kwenye suruali. Alimfikiria yule mama wa jiwe la tatu, na wengine, aliokabidhiwa chupa zao na kuaminiwa. Getini Adow alikuwa amekwisha kurudi. Alikohoa kwa nguvu kama mtu mwenye kifua kibovu.

"Hawa sijui waliogopa nini," Félicien alisema.

Wakawaacha.

*

Bi Zilpah aliishi ghorofa ya nane katika moja ya majengo marefu ya Nechells. Beseni lilikuwa kwenye roshani, majani yakipigwa na upepo, na kando yake mkasi wa jikoni.

"Felix! Umekuja kumkata nywele?" Alifurahi kweli. "Nilijua utakuja. Huyu ni binti yako? Nimesema na bustani yangu asubuhi nzima. Na hiyo ndoo?"

Merveille alimwuliza baba yake, kwa chini, kama amtafsirie. Félicien alikataa. "Nitasema mwenyewe." Akasema, kwa Kiingereza chake kilichovunjika, akisimama, ndoo kati ya miguu yake, bila kujitetea na bila kuruka. Kitambaa. Shimo. Jiwe. Maombi.

Ilichukua muda kwa mwanamke yule kuelewa, na Félicien alimwona akielewa.

"Shimo la kina gani?" aliuliza.

Félicien alionyesha: ncha za vidole hadi juu ya kiwiko.

"Ulimfunika."

"Nilimuombea, madame."

"Nimekuuliza kama ulimfunika."

"Ndiyo. Nilimfunika."

"Miaka minne." Aligeuza kichwa kuelekea beseni. "Na hiki nilichokuwa nazungumza nacho ni nini?"

"Ni majani, madame."

Hakulia wala hakupiga kelele. Angepiga kelele, Félicien angeshukuru. Alikaa akizungusha pete kidoleni, kisha akauliza ni maneno gani aliyoyasema siku ile, alipokuwa anafunika.

"Nilisema, Eli, pumzika. Hapa hakuna mtu atakayekukanyaga."

Kwa sekunde moja ilionekana kama Bi Zilpah angeunyoosha mkono kumshika. Badala yake aliinama, akaingiza vidole katika ndoo, akabonyeza. "Amelowa," alisema. "Hivi hawezi kwenda popote. Lazima akauke kwanza." Akamwelekeza Merveille yalipo magazeti ya zamani, chini ya sinki.

Walitandaza magazeti sakafuni pa roshani, na Félicien akapiga magoti, akaanza kuvunja mabonge, moja baada ya jingine, akiyasaga kati ya vidole mpaka yawe unga. Bi Zilpah, ambaye goti halikumruhusu, alisimama juu yake na mkongojo, akitazama kila bonge. Hakumshukuru. Hakumsamehe. Mara mbili alisema, "Lile pale bado," na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Jua liliposhuka kulikuwa na baridi. Félicien aliosha mikono, akaomba ruhusa ya kwenda. Akipita alishika mlango wa roshani aufunge, kwa sababu upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mwanamke yule mzee.

"Acha mlango," Bi Zilpah alisema.

*

Shule ya Erdington haikupiga simu wiki ile, wala wiki iliyofuata. Félicien hakuuliza kamwe kama kuna aliyewapigia. Valérie naye hakuuliza. Alitafuta ofisi za kufagia jioni, na usiku aliweka miguu yake kwenye beseni la maji moto, na hapo ndipo hasira yake ilipokuwa, katika yale maji. Baada ya miezi Félicien alipata kazi ya kupakia vifurushi kwenye ghala, zamu ya usiku. Si lile la Saltmoor. Hilo lilipokamilika walimwitia kazi, naye akasema ni mbali, ingawa ni basi moja tu.

Bi Zilpah hakumwita tena. Mzee mmoja wa upande wa Gesi, aliyekutana naye sokoni, alimweleza kwa furaha kwamba kipande chake cha majani kimeota vizuri dirishani, na kwamba kila Jumamosi humsomea marehemu mama yake matokeo ya mechi. Félicien alisema ni vizuri. Akamwuliza kama anakipatia maji ya kutosha.

Mwezi wa Desemba, baridi ilipokaza mpaka vioo vya mabasi vikaganda, alipita Nechells akienda kazini. Alifuta kioo kwa mkono wa koti, akahesabu ghorofa kutoka chini. Katika jengo zima madirisha yalikuwa yamefungwa, mapazia yamevutwa. Ghorofa ya nane taa ilikuwa inawaka, na mlango wa roshani ulikuwa wazi.